Dakika Nane za Mirihi: Habari za Johannes Kepler na Elimu ya Nyota

Kabla ya kuyasoma maelezo haya twawaomba wasomaji wafungue Biblia na kusoma Zaburi ya 19, Zaburi ya 104 mpaka aya ya 5, na Yoshua 10 aya ya 12 na ya 13. Kisha tuendelee pamoja.

Katika Zaburi ya 19 jua lafananishwa na bwana arusi atokaye chumbani mwake, nalo hushika njia toka upande mmoja wa mbingu mpaka upande wa pili. Katika Zaburi ya 104 nchi imewekwa juu ya misingi yake isitikisike. Na Yoshua alipopigana na Waamori aliliamuru jua lisimame juu ya Gibeoni, nalo likasimama. Lakini kijana wa darasa la kipaimara hutoka shuleni na daftari lake, na humo imeandikwa kwamba jua haliizunguki dunia. Dunia ndiyo ilizungukayo jua, tena hujizungusha yenyewe mara moja kila siku. Humwuliza mwalimu wa dini: Nisadiki lipi? Walimu wengine hujibu kwa ukali kwamba mambo ya shule ni ya dunia hii, nayo yatapita. Wengine hunyamaza. Yule aliyejibiwa kwa ukali hujifunza kuwa na nia mbili, moja ya Jumapili na moja ya siku sita nyingine. Na yule aliyenyamaziwa hudhani kwamba kanisa halina jibu. Njia zote mbili twaziona kuwa hasara.

Swali hili si geni, wala halikuanzia Afrika. Liliwahi kutajwa mezani pa Luther mwenyewe. Katika mazungumzo ya mwaka 1539, kama yalivyoandikwa na wale waliokula naye, zatajwa habari za mtu mpya wa elimu ya nyota asemaye kwamba dunia ndiyo iendayo. Luther hakuipokea habari hiyo; alikumbusha kwamba Yoshua aliliamuru jua lisimame, si dunia. Tusilizidishe neno hilo. Lilisemwa wakati wa chakula, miaka minne kabla ya kitabu chenyewe kupigwa chapa, wala Luther hakuandika kitabu kukipinga. Tena katika mwaka huo huo wa 1539 mwalimu kijana wa chuo cha Wittenberg, jina lake Rheticus, alisafiri mpaka Frombork kumtafuta Nicolaus Copernicus, mtumishi wa kanisa kuu la huko, akakaa naye, akamsihi atoe maandiko yake. Kitabu kikatoka Nürnberg mwaka 1543. Aliyesimamia kazi ya mwisho ya kukipiga chapa alikuwa mchungaji wa Kilutheri, Andreas Osiander, naye aliweka mbele ya kitabu dibaji isiyo na jina, akisema kwamba mambo haya ni ya kuhesabia tu, wala si lazima yawe kweli. Hivyo Walutheri ndio waliosaidia kitabu kionekane, na Walutheri ndio waliokitupia pazia. Miaka mingi watu walidhani dibaji ile ni ya Copernicus mwenyewe. Aliyetangaza kwa chapa jina la mwandishi wake, mwaka 1609, ndiye huyu tunayetaka kueleza habari zake.

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, katika Ujerumani ya kusini. Babu yake alikuwa mkuu wa mji. Baba yake alikuwa askari wa kukodiwa, akaenda vitani mara kwa mara, na mwisho akaiacha nyumba yake asirudi tena. Mama yake, Katharina, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni. Mtoto alipatwa na ndui, nayo ikayadhoofisha macho yake maisha yote. Ni ajabu kwamba mtu mwenye macho mabovu ndiye aliyekuja kuionyesha dunia njia za sayari. Lakini mwaka 1577 ilitokea nyota kubwa ya mkia, na mama akamshika mkono mwanawe, ambaye hajatimiza miaka sita, akampandisha mahali pa juu ili aione. Wasomaji wamkumbuke mama huyu, maana tutamrudia.

Kepler alitaka kuwa mchungaji. Alisoma katika shule za kanisa, na mwaka 1589 akaingia chuo cha Tübingen kusoma theolojia. (Jina hilo la Tübingen lina deni kwetu sisi tusomao Kiswahili: Johann Ludwig Krapf, aliyetunga kamusi na sarufi ya lugha hii, alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen kilicho karibu na mji huo, naye pia alisoma theolojia huko.) Mwalimu wake wa hesabu, Michael Maestlin, aliwafundisha wanafunzi wengi elimu ya nyota ya kale, na wachache waliokomaa akawaeleza maneno ya Copernicus. Kepler aliyashika mara moja. Mwaka 1594, kabla hajamaliza masomo yake, aliagizwa kwenda Graz, katika Austria, kuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya Waprotestanti. Alikwenda kwa moyo mzito. Mwaka uliofuata alimwandikia Maestlin kwamba zamani alifadhaika kwa kuwa hakuwa mtheolojia, lakini sasa aona jinsi Mungu anavyotukuzwa hata katika elimu ya nyota.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1596. Alitaka kutia humo sura ya kuonyesha jinsi Maandiko Matakatifu na maneno ya Copernicus yasivyopingana. Wakuu wa Tübingen wakamshauri aiondoe, na mwalimu wake Hafenreffer, aliyempenda, akamwonya ashughulike na hesabu tu, asije akaleta mafarakano kanisani. Akatii. Twaweza kuelewa hofu yao. Wachungaji wengi wa siku hizi wangefanya vivyo hivyo. Ila tuone kwamba hakuna aliyemwambia kuwa amekosa. Walimwambia tu anyamaze.

Mwaka 1600 watawala wa Graz waliwafukuza wote waliokataa kuiacha imani ya Kilutheri. Kepler alikataa, akaondoka na mke na mtoto wa kambo na mizigo michache, akaenda Praha kwa Tycho Brahe. Huyu alikuwa mtu wa Denmark, naye Mlutheri, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alizipima nyota usiku baada ya usiku kwa vyombo vikubwa vya mbao na chuma. Darubini haikuwako bado. Alipima kwa macho matupu, lakini kwa uangalifu ambao haujapata kuonekana kabla yake. Tycho alimpa Kepler kazi ya kuitafuta njia ya Mirihi, ile sayari nyekundu, kwa kuwa ndiyo iliyowashinda wengine. Tycho akafa mwaka 1601, na Kaisari Rudolf II akamweka Kepler mahali pake.

Hapa twafika kwenye jambo lenyewe.

Tangu zamani za Wayunani, kwa muda wa miaka karibu elfu mbili, wenye elimu wote waliamini kwamba vitu vya mbinguni huenda kwa duara. Duara ni umbo kamili, na mbingu ni kamilifu. Basi, mbingu yaweza kwendaje ila kwa duara? Copernicus naye aliamini hivyo. Kepler naye aliamini hivyo alipoanza. Akatunga duara kwa ajili ya Mirihi, akahesabu, akafuta, akahesabu tena. Yeye mwenyewe asema alizirudia hesabu zile si chini ya mara 70. Mwisho akapata duara iliyopatana vizuri na vipimo vya Tycho alivyoitungia. Kisha akaijaribu kwa vipimo vingine vya Tycho, na hapo Mirihi ikaonekana mbali na mahali pake kwa kadiri ya dakika nane.

Dakika hizi si za saa. Duara ya mbingu hugawanywa katika digrii 360, na kila digrii katika dakika 60. Mwezi mpevu una upana wa dakika 30 hivi. Ukinyosha mkono wako mbele na kuinua kidole kidogo, upana wa kidole hicho ni kama digrii moja. Dakika nane ni kama sehemu ya saba ya upana huo. Hilo ndilo kosa lililobaki. Vipimo vya watu wa kale vilikuwa na makosa ya dakika kumi, wala hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu Kepler kama angalisema: Yatosha, kazi imekwisha. Alikuwa amechoka, mshahara wake haulipwi kwa wakati, na duara ilikuwa nzuri.

Akaitupa. Sababu yake ameiandika katika kitabu chake cha mwaka 1609, nayo ni sababu ya mtu wa imani: kwa kuwa wema wa Mungu umetujalia mpimaji mwangalifu kama Tycho, ambaye vipimo vyake vyaonyesha kosa hili, ni haki tuipokee karama hii kwa shukrani na kuitumia, tuitafute sura ya kweli ya mienendo ya mbinguni. Asema tena kwamba dakika nane hizi peke yake ndizo zilizofungua njia ya kuitengeneza upya elimu yote ya nyota. Twawaomba wasomaji wasilipite neno hili upesi. Wako watu wafikirio kwamba mcha Mungu huonekana kwa kushika neno alilopokea kwa wazee, hata likishuhudiwa vingine. Kepler aliona kwamba kupunja dakika nane ni kumpunja Mungu, kwa sababu Mirihi si mali ya wenye elimu, ni kazi ya vidole vya Muumba, na mwenye kuisema isivyo amemsemea Muumba uongo.

Akafanya kazi miaka mingine, hata akaona kwamba njia ya Mirihi si duara bali ni duaradufu, na jua haliko katikati. Mwalimu aweza kuionyesha darasani kwa vigingi viwili na kamba. Pigilia vigingi viwili ardhini, funga kamba iwe kitanzi kilicholegea kuvizunguka vyote viwili, kisha ivute kwa kijiti na kuchora huku kamba imekaza. Mchoro utakaotokea ni duaradufu, na jua liko penye kigingi kimoja. Penye cha pili hapana kitu. Vigingi vikikaribiana sana, mchoro hufanana na duara hata jicho haliwezi kutofautisha. Njia ya Mirihi iko hivyo: tofauti ya urefu wake na upana wake haifiki hata sehemu moja katika 200. Kwa tofauti ndogo namna hiyo itikadi ya miaka elfu mbili ilianguka. Mwaka 1619 akatoa sheria nyingine ilinganishayo umbali wa kila sayari na muda wa mzunguko wake, na kwa msingi huo Isaac Newton wa Uingereza alijenga kitabu chake cha mwaka 1687.

Wako watakaosema kwamba macho ya mtu mmoja hayawezi kushinda akili za wengi. Na wamkumbuke Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen, ambapo si mbali na Leonberg alikokulia Kepler. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji juu ya Kilimanjaro. Mabwana wa jiografia huko London, waliokuwa hawajaitia miguu yao Afrika, walikataa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Safari hiyo wenye elimu ndio waliomkatalia mmisionari. Hivyo ugonjwa wa kuikataa dakika nane hauchagui kanisa wala chuo.

Sasa turudi kwa Yoshua. Katika utangulizi wa kile kitabu cha 1609 Kepler alisema wazi yale aliyoambiwa ayanyamazie. Maandiko Matakatifu, asema, yanapotaja mambo ya kawaida husema na watu kwa desturi ya watu, ili yaeleweke. Hayakukusudia kufundisha elimu ya nyota. Mhubiri anaposema kwamba kizazi huenda na kizazi huja, nayo dunia hudumu, hafundishi kama dunia yazunguka au la. Atukumbusha jinsi maisha yetu yalivyo mafupi. Zaburi ya 104 ni wimbo wa kumsifu Muumba ufuatao siku sita za Mwanzo, si kitabu cha hesabu. Na Yoshua alitaka nini? Alitaka mchana uzidi. Hakuwa na nafasi katikati ya vita kufikiri ni kipi kiendacho. Mungu alielewa haja yake, akampa mchana, kwa kuizuia dunia. Naye Yoshua aliona kwa macho yake kwamba jua limesimama. Kepler hakuupunguza mwujiza. Aliuacha mahali pake na kuuliza tu jinsi ulivyosemwa.

Sisi tusemao Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kwa mfano. Twasema jua limechwa, jua limetua, na mwalimu wa sayansi husema hivyo pia akiwa nyumbani kwake. Twasema mwezi umeandama. Umemwandama nani? Twasema mwezi umepatwa, kana kwamba kuna mnyama aliyeukamata, hali twajua kwamba ni kivuli cha dunia kilichoufunika. Hata saa zetu twazihesabu tangu macheo. Asemaye hivi hasemi uongo. Asema kama jicho lionavyo, na msikiaji aelewa. Kama lugha yetu yasema hivyo bila dhambi, kwa nini tuidai lugha ya Daudi iseme vingine? Zaidi ya hayo, Zaburi ya 19 yenyewe yaanza na mbingu na kuishia kwa sheria ya Bwana na kuomba kusafishwa mambo ya siri. Msomaji abishanaye juu ya mwendo wa jua na asifike kwenye ombi hilo ameisoma nusu Zaburi.

Hakuna haja ya kumfanya Kepler mtakatifu asiye na doa. Alipata sehemu ya riziki yake kwa kutunga kalenda za utabiri na kuwasomea wakuu nyota zao. Aliwadharau waaguzi wa sokoni, akaandika kwamba unajimu ni binti mpumbavu, ila mama yake mwenye hekima, yaani elimu ya nyota, angekufa njaa bila mapato ya binti huyo. Lakini hakuukataa unajimu wote. Mwalimu wa dini anayeishi karibu na wapiga ramli na wenye vitabu vya falaki asilifiche jambo hili. Aeleze tofauti: elimu ya nyota hukubali kupimwa na kukosolewa kwa dakika nane, utabiri wa mwaguzi ukikosea, hupewa udhuru, na mteja hulipa tena.

Mwaka 1612 Kepler alihamia Linz. Mchungaji wa huko, Daniel Hitzler, alimtaka atie sahihi kwenye maandiko ya Mapatano ya mwaka 1577. Kepler alisema hawezi kuyakubali yote bila sharti. Hakuweza kwa dhamiri safi kufuata yale yaliyoandikwa juu ya mwili wa Kristo kuwapo mahali pote, wala hakutaka kuwahukumu wafuasi wa Calvin kuwa si ndugu. Hitzler akamfungia Meza ya Bwana. Kepler akapeleka shauri lake kwa wakuu wa kanisa huko Stuttgart, nao wakamwunga mkono Hitzler. Mwaka 1619 Hafenreffer naye akathibitisha. Watu wengine husimulia kwamba kanisa lilimfungia kwa ajili ya nyota. Sivyo, wala haifai kulisingizia kanisa. Lakini iliyo kweli yatosha kutuhuzunisha: mtu aliyefukuzwa Graz kwa kuwa Mlutheri, ambaye angalipata heshima na fedha kama angaliibadili imani yake, hakuruhusiwa kula mezani pa Walutheri. Hitzler alikuwa na dhamiri yake na maagizo ya wakuu wake. Hata hivyo twaona kwamba ugumu ule ule uliomfanya Kepler asisamehe dakika nane ndio uliomfanya asitie sahihi neno asilolisadiki, na kanisa likaita ukaidi kitu ambacho lingeweza kukiita unyofu.

Wakati huo huo likaja jambo zito zaidi. Mwaka 1615 huko Leonberg mwanamke jirani, Ursula Reinbold, alisema kwamba Katharina Kepler alimpa kinywaji kichungu, na tangu hapo yu mgonjwa. Kikongwe yule alijua dawa za majani, alikuwa mkali wa maneno, tena mjane. Mashtaka yakaongezeka kama moto wa nyikani. Mtoto fulani aliumwa mkono, mnyama fulani alikufa, kila mtu akakumbuka kwamba Katharina alikuwa amepita pale. Agosti 1620 alikamatwa usiku katika nyumba ya binti yake, aliyekuwa mke wa mchungaji, akatiwa gerezani na minyororo, umri wake ukiwa zaidi ya miaka 70.

Kepler aliacha kazi yake Linz, akasafiri mpaka Württemberg, akasimamia utetezi wa mama yake kwa muda wa mwaka mzima. Alifanyaje? Alichukua kila shtaka peke yake, kama alivyochukua kila kipimo cha Mirihi, akauliza: Ni nani aliyeona? Lini? Ugonjwa huu hauna sababu nyingine ijulikanayo? Shahidi huyu alisema nini mara ya kwanza, na nini mara ya pili? Mashtaka yaliyoonekana kama mlima yalipopimwa hivyo yalianza kubomoka. Septemba 1621 mama yake alionyeshwa vyombo vya mateso ili akiri, hakukiri. Mwezi uliofuata akafunguliwa, baada ya kifungo cha miezi 14, na Aprili 1622 akafa. Waliomshtaki walikuwa watu wa kanisa, na waliomsikiliza walikuwa watu wa kanisa.

Wasomaji wetu watajua kwa nini twakaa juu ya habari hii katika somo la nyota. Katika nchi zetu vikongwe wamepigwa na kuuawa, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Katika umati huo huwamo na waliobatizwa. Mkristo aambiwapo kwamba fulani amemroga mtoto, na aulize kwanza maswali ya Kepler, kisha ampeleke mtoto hospitali.

Tumebakiwa na jambo la ukubwa wa mbingu, nalo hutisha watu kuliko mwendo wa dunia. Jua liko mbali nasi kwa kilometa milioni 150 hivi. Nuru, iendayo kilometa 300,000 kwa kila sekunde, hutumia dakika nane na zaidi kidogo kutoka huko mpaka kwetu (hizi sasa ni dakika za saa, msichanganye). Kutoka nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua hutumia miaka minne na zaidi. Kundi letu la nyota, lile lionekanalo kama utepe mweupe usiku wa giza, lina nyota zaidi ya bilioni 100, na makundi kama hilo hayahesabiki kwa urahisi. Darubini iliyopewa jina la Kepler, iliyorushwa na Marekani mwaka 2009 na kumaliza kazi mwaka 2018, iligundua sayari zaidi ya 2,600 zizizungukazo nyota nyingine. Kepler mwenyewe aliogopa. Alipofikiri habari ya mbingu isiyo na mpaka wala katikati aliandika kwamba wazo hilo lina hofu fulani ya siri, mtu hujiona akitangatanga. Mwenye kuogopa kati yetu ana mwenzake mkubwa. Na Zaburi ya 8 yaonyesha kwamba mchungaji wa kondoo aliliuliza swali lile lile bila darubini.

Wataalamu wa leo husema kwamba ulimwengu umekuwa ukitanuka tangu mwanzo wake, miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita. Mmoja wa waliolianza wazo hilo, mwaka 1927, alikuwa padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipohutubu kana kwamba elimu hiyo yathibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahi. Alitaka elimu ya nyota isimame kwa vipimo vyake, na imani isitegemee hesabu ambazo kesho zaweza kurekebishwa. Alikuwa na haki. Kepler naye katika kitabu chake cha 1596 alidai kwamba Mungu aliweka sayari sita tu, kwa sababu maumbo makamilifu ya jiometri ni matano, nayo hujaza nafasi zilizo kati yao. Alilipenda wazo hilo mpaka kufa kwake tarehe 15 Novemba 1630 katika mji wa Regensburg. Mwaka 1781 ikaonekana sayari ya saba, na mwaka 1846 ya nane. Maumbo matano yameanguka. Duaradufu imesimama, na kumcha Mungu kwake hakukutegemea mojawapo. Kwa hiyo walimu wasikimbilie kusema darasani kwamba mlipuko wa kwanza ndio "iwe nuru" ya Mwanzo 1, hata kama neno hilo lawafurahisha vijana.

Kwa darasa litakalotaka kuona kwa macho yao, Mirihi hukaa upande wa mbingu ulio kinyume na jua kwetu na kung'aa usiku kucha kila baada ya miezi 26 hivi. Wakati huo huitambua kila mtu kwa wekundu wake, na kwa kuwa haimeti kama nyota. Miezi miwili kabla ya wakati huo chora kwenye karatasi nyota zilizo karibu nayo, ukiziweka kwa kupima upana wa vidole, mkono ukiwa umenyoshwa. Rudia kila juma saa ile ile, mahali pale pale. Mtaiona ikisogea kuelekea mashariki kati ya nyota, kisha ikisimama, kisha ikirudi nyuma majuma kadhaa, kisha ikigeuka tena. Ndiyo safari iliyowashinda watu wa kale. Nayo huonekana hivyo kwa sababu sisi tulio juu ya dunia twaipita Mirihi njiani, kama mtu aliye ndani ya gari aonavyo mwenye baiskeli akirudi nyuma. Kila karatasi iandikwe tarehe na saa, kwa maana mchoro usio na tarehe haufai kitu.